Plus ya Heshima

Nimetazama mavi ya watu kwa miaka thelathini na sita, na matokeo yake ni kwamba nusu ya Butembo hawanisalimu sokoni. Wananiona kwa mbali, wanageukia nyanya. Siwalaumu. Si rahisi kumtakia mtu asubuhi njema wakati anajua ulikuwa na minyoo gani na mwaka gani.

Nilistaafu mwezi uliopita. Daktari wetu kijana, mwenye adabu nyingi na asiyejua kukataliwa, ameniomba niwaandikie nyinyi mliobaki kwenye labo mambo machache ya uzoefu wangu. Vyeo sitavitaja, maana sikuwa navyo. Nitawaeleza habari za kioo, za penseli na za Mwalimu Paluku. Hasa za Mwalimu Paluku, kwa sababu nusura nimuue, tena ningemuua kwa adabu.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba kutoka Lubero, diploma yangu imekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama. Kituo cha afya kilikuwa juu ya kilima, na labo ilikuwa chumba ambacho zamani kilihifadhi mablanketi. Mwenye chumba alikuwa Papa Mbusa, laborantin, yaani mpimaji wa maabara, wa nyusi nene, aliyefunga vifungo vya koti lake jeupe mpaka shingoni hata alipokwenda kula. Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameketi mbele ya mikroskopi, amekunja mikono, hafanyi kitu.

"Wabukire, Papa," nikamsalimu kwa Kinande. "Nianzie wapi?"

"Anzia kwa kiti," akasema. "Ikala. Tunangoya jua."

Mikroskopi ile haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha mviringo, nawe ulikigeuza taratibu mpaka ukaukamata mwanga wa dirishani na kuupeleka juu kwenye jicho lako. Nanyi mnajua asubuhi za Butembo: ukungu unaweza kukaa mpaka saa tatu, saa nne. Wagonjwa walipanga foleni dirishani, nasi tulipanga foleni mbele ya jua. Likishatoka lilikaa kwetu kwa muda, kisha likahamia upande wa maternité, wodi ya wazazi, nasi tukainua meza na kulifuata. Nimehesabu mayai ya minyoo huku mama akizaa nyuma ya pazia, na Papa Mbusa akimwomba kwa heshima zote asisukume kwanza, meza inatikisika.

Siku hiyohiyo aliniambia niwashe taa ya spiriti. Juu ya meza palikuwa na kibiriti. Nikakichukua, nikakifungua.

"Ule ni Kakule wa kule sokoni," Papa Mbusa akasema bila kugeuka. "Kibiriti ya kuwasha iko mu mufuko yangu."

Ndivyo nilivyojifunza sheria ya kwanza ya labo: usifungue chombo kabla ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Nitakiri mwishoni kwamba sikuishika sana. Watu walituletea choo ndani ya vibiriti, majani ya migomba, makopo ya tomate, chupa za mafuta ya nywele, na mara moja ndani ya bahasha ya parokia iliyobandikwa vizuri kwa gundi. Kwa bahati pua yangu ilistaafu mapema, nadhani mwaka wa pili wa kazi, na tangu hapo sijasikia harufu ya kitu chochote, hata mume wangu.

Alikuja mama mmoja mwenye watoto sita na kopo moja.

"Hii ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni ya bote."

"Bote namna gani, mama?"

"Banakulaka sahani moya. Kitu yenye kuingia ni moya, sasa yenye kutoka itakuwa tofauti juu ya nini?"

Nilimweleza kwa nusu saa. Akaelewa, akashukuru, na kesho yake akarudi na makopo sita, kila moja na jina lake. Yote yalifanana mno. Nilipombana akakiri kwamba watano walikuwa masomoni, basi yule mdogo aliyebaki nyumbani aliwafanyia kazi wakubwa zake. Papa Mbusa alicheka mpaka akafungua kifungo kimoja cha shingo, jambo ambalo sikuliona tena.

Sasa nifike kwenye penseli. Siku moja alitufikia mama kutoka Kipese, amepanda juu ya lori la viazi, mwenye macho ya mtu asiyelala. Nilitazama choo chake kwa maji ya chumvi, nikatazama kwa rangi ya Lugol, nikatazama tena. Hapakuwa na kitu. Nikamwandikia kwenye karatasi kama nilivyofundishwa shuleni: RAS, yaani hakuna cha kutaja.

"RAS ni nini?" akauliza.

"Ni kusema hakuna kitu, mama. Uko muzima."

"Muzima? Mi hapana kulala, mi hapana kula, tumbo inanifunga sawa vile kamba, na weye unasema hakuna kitu? Donc miye ni mubongo, nadanganya?"

Alikuwa karibu kulia. Papa Mbusa akainuka, akanipokonya karatasi, akachukua penseli nyuma ya sikio na kuchora alama ndogo ya kujumlisha mbele ya neno "amibes", yaani amiba wa tumboni. Plus moja, maana yake zimo. Yule mama akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akashukuru kwa Kinande, "Wasingya, Tata," na kuondoka mgongo umenyooka, kama mtu aliyepewa cheti.

"Papa," nikasema, "amibes hazikuwamo."

"Najua."

"Sasa?"

"Mutu ametoka Kipese juu ya viazi, utamurudisha mikono mitupu? Kwenu Lubero banafanyaka vile?"

Hawafanyi hivyo. Kwetu hata mtu aliyeingia uani kuuliza njia haondoki bila maharagi kidogo kwenye kitambaa.

"Ile ni plus ya heshima," akasema. "Ya heshima ni penseli. Ya kweli ni wino. Usichanganye, na usiseme."

Sikuchanganya, na sikusema. Nyinyi mnaonisoma msikunje uso bado. Mnajua jinsi amibes zilivyo kwetu. Kijana akifeli mtihani, amibes. Bibi harusi akikataa kula, amibes. Mkwe akiwa na maneno mengi, naye amibes zimempanda. Dawa yake, metronidazole, sisi tunaiita metro tu, nayo inauzwa hata kwenye vibanda vya sabuni. Nilijiambia kwamba vidonge vichache vya metro havijamuua mtu. Papa Mbusa alipofariki aliniachia meza, kioo na ile penseli, ambayo wakati huo ilikuwa fupi kuliko kidole changu kidogo. Nikaendelea nayo kwa fahari.

Halafu akaja Mwalimu Paluku.

Huyu alinifundisha darasa la tano kule Lubero. Alikuwa na bic nyekundu, kalamu ya kusahihishia, mfukoni na ukuta wake wa adhabu: ukikosea mara tatu, unasimama ukitazama ukuta mpaka akuite. Niliujua ukuta ule vizuri, hata nyufa zake. Alifundisha mpaka akawa mkubwa wa shule, akastaafu, akalima. Kisha mkewe, Mama Kavira, akafariki. Binti yao Masika, anayeishi Butembo, akamleta mjini akae naye, maana mzee peke yake kule milimani, kwa nyakati hizi, haiwezekani.

Nikamwona Jumatatu moja dirishani, suti ya kijivu, kopo la tomate mkononi. Kopo lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na juu yake karatasi yenye mwandiko ule mzuri wa ubaoni: "PALUKU. Lundi, 6 h 10. Selles molles", yaani choo laini. Hakuna anayetaka kupokea kitu kama hicho kutoka kwa mwalimu wake. Nilikipokea kwa mikono miwili.

"Kahindo, chunguza muzuri," akasema. "Hii tumbo iko mubaya. Inakuwa muzito tangu asubui. Chakula hapana pita. Na naamukaka mbele ya jogoo, naangalia tu plafond ya nyumba."

Nilichunguza kama sijawahi kuchunguza. Hakuna kitu. Nikatazama zile herufi RAS akilini mwangu na kuona ukuta wa Lubero. Nimwandikie Mwalimu kwamba hana kitu? Nikachukua penseli.

Akapewa metro. Kwa siku tatu alitembea mtaani akiwa na nguvu, akiwaonyesha majirani karatasi yake. Baada ya wiki mbili akarudi, kopo lilelile. Tumbo lilelile. Nikachora plus nyingine. Akameza metro nyingine. Mnajua dawa ile haipatani na pombe, kwa hiyo akaambiwa aache kasiksi. Basi zile Jumapili baada ya misa, alipokuwa akikaa na wazee wenzake watatu kuonja pombe ya ndizi na kusema mabaya ya korasi, zikaisha. Wenzake walituma salamu, akajibu kwamba yuko kwenye matibabu. Chakula nacho kikageuka mdomoni, akaniambia, "sawa vile nanyonya musumari." Akaacha kuimba. Suruali akaifunga kwa tai. Na ule mwandiko juu ya kopo ukaanza kuinama, mara ukapoteza saa, mara ukapoteza siku, mpaka Jumatatu moja paliandikwa "Paluku" tu, kwa herufi ndogo. Niliona. Sikusema neno, nikachora plus yangu. Naona aibu mpaka leo kuandika sentensi hii.

Sasa sikieni jinsi Mungu anavyotumia watu wasiohusika. Kulikuwa na mafunzo ya siku tatu Beni, ya mambo ya afya ya akili, na aliyetakiwa kwenda ni Kasereka, muuguzi wetu. Asubuhi ya safari malaria ikamshika. Kituo hakikutaka kiti chake kibaki tupu, nami sikuwa na umeme wala jua siku hiyo, basi nikatumwa mimi. Nilifikiri nakwenda kupumzika. Nilibeba hata kitambaa cha kufuma.

Ukumbi wenyewe ulikuwa upande wa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Mfundishaji alikuwa daktari mdogo wa umbo, mwanamke, mwenye sauti kubwa, na aliihitaji, kwa sababu kila alipofika kwenye jambo la maana ndege ilishuka.

"Tumbo na kichwa," alisema, "binapeana habari kila..." Ndege. Tukangoja. "Muko mushipa mukubwa wenye kutoka huku chini mpaka..." Ndege nyingine. Nilipata somo lile kwa vipande, nikaviunganisha baadaye nikifuma.

Muuguzi mmoja mzee akainua mkono. "Docteur, donc huzuni inatokaka mu tumbo?"

"Hapana vile, papa. Bado hatujue byote. Habari inapanda, habari inashuka. Mutu mwenye huzuni hapana kula, tumbo inaaribika. Tumbo yenye kuaribika, nayo inatuma habari mubaya juu. Na mule ndani muko batududu mingi ya kutusaidia. Ukimeza antibiotique bila sababu, unaua na benye haki."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, mdomoni nina beignet, andazi la saa nne. Kisha akaeleza kwamba watu wa kwetu hawaji kusema "niko na huzuni". Wanasema tumbo, wanasema moyo unapiga, wanasema miguu imekufa. Ukiwapima hukuti kitu, nao wanarudi. Akaanza kutaja dalili. Anaamka kabla ya jogoo. Chakula hakina ladha. Ameacha alichokipenda. Amekonda. Ameacha wenzake. Kila alichotaja, mimi nilikiona kimevaa suti ya kijivu.

"Na akianza kugawa bitu yake," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza hakuna ndege iliyopita, "usimuache peke yake. Muulize wazi kama anafikiri kufa. Hautamutia ile mawazo. Muulize."

Beignet nikaiacha mezani. Nilirudi Butembo siku ya tatu bila kungoja picha ya pamoja.

Nikaingia labo, nikafungua rejista kuanzia mwanzo wa mwaka, kidole juu ya jina la Paluku. Mara kumi na moja. Plus kumi na moja, na zote za penseli. Hata moja ya wino. Nililia juu ya ile rejista mpaka mstari wa mgonjwa mwingine ukafutika. Namwomba radhi, alikuwa na minyoo kweli. Kisha nikaitia rejista kwapani, jambo lililokatazwa, nikaenda kwa Masika.

Nilimkuta uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Sikuhitaji kuuliza.

"Tangu juzi ni chai tu, Mama Kahindo," akasema. "Na jana alimupatia fundi wa viatu dictionnaire yake."

Kamusi ile hakuwahi kumwazima hata inspekta. Nikaikaza rejista kwapani. Niliingia ndani.

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, amevaa suti, mikono juu ya magoti, kama anangoja gari. Nilikaa mbele yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mazuri njia nzima, yote yakapotea.

"Mwalimu, nakuuliza wazi. Uko na waza kufa?"

Akanyoosha mikunjo ya suruali juu ya magoti.

"Niko na choka, Kahindo," akasema. "Mara kumi na moya mulinipatia dawa, na plus hapana toka. Mi nalifundisha hesabu, najua kuhesabu. Ile haiko amibes tena. Ni ugonjwa mukubwa, munanificha. Sasa naichelewesha juu ya nini?"

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilidhani nampa heshima, kumbe kila plus ilimsomea hukumu. Nikamwambia yote, bila kupumua: kwamba amibes hazikuwamo hata siku moja, kwamba hakuna ugonjwa aliofichwa, kwamba nilikuwa naandika tu.

"Ulikuwa unaandika tu," akarudia.

"Juu ya heshima, Mwalimu."

Akanitazama. Kitu kikaanza kupanda kutoka shingoni mpaka usoni mwake, rangi ambayo sikuiona tangu darasa la tano.

"Masika!" akaita kwa sauti iliyotikisa dirisha. "Leta bic nyekundu!"

Akanyakua rejista. "Weye, simama kwa ukuta."

Nilisimama. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, bibi wa wajukuu wanne, pua yangu imegusa kalenda ya parokia. Masika akaleta bic, akaniona, akatoka bila kuuliza. Nyuma yangu nikasikia bic ikikwaruza. Alipiga mstari chini ya kila plus na kuhesabu kwa sauti, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya kwanza sauti ilitetemeka. Kufika ya nane ilikuwa imenyooka.

"Makosa kumi na moya! Na ni mutoto wangu mwenyewe wa darasa ya tano! Zéro! Masika! Chai! Tia sukari, na mukate, niko na kazi mingi hapa!"

Nikamsikia anakunywa. Nikamsikia anatafuna. Nililia kwa furaha mpaka mwezi wa Juni ukalowa, lakini sikugeuka, maana sikuwa nimeruhusiwa.

Msidhani niliona hasira ndiyo dawa. Siku ileile nilimwita Kasereka, akaja na homa yake. Masika na mumewe wakapeana zamu, mzee asibaki peke yake hata saa moja. Lakini Mwalimu alimpokea Kasereka kama inspekta asiyekaribishwa. "Mi hapana fou, sina wazimu," akasema. Na kuhusu tumbo: "Bale batu ya labo balinidanganya mara kumi na moya. Nitaamini na macho yangu."

Jumatatu Masika akamleta, na kopo lake. Wakati huo tayari tulikuwa na hii mikroskopi yenu ya umeme, na kama mnavyoifahamu, umeme ulikuwa umeondoka. Nikaitoa kabatini ile mikroskopi kuukuu ya Papa Mbusa, yenye kioo. Nje ukungu ulikuwa mzito, hata maternité haikuonekana.

"Tuanzie wapi?" Mwalimu akauliza, mkali.

"Anzia kwa kiti, Mwalimu. Ikala. Tunangoya jua."

Tulikaa karibu saa mbili. Saa ya kwanza alisoma etiquette, zile karatasi za majina, kwenye chupa zote. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusema juu ya Mama Kavira. Alikuwa akichambua maharagi kila Jumamosi huku akiimba, na alikosea noti ileile ya wimbo uleule. Kwa miaka arobaini na nne Mwalimu alimsahihisha, naye hakubadili. "Sasa hakuna mutu wa kukosea mule nyumba," akasema, na akalia, huyu mtu aliyetufundisha kwamba kulia ni kosa la nidhamu. Mimi sijui kushika watu mikono. Nilisafisha kioo cha sampuli, nikakisafisha tena, nadhani nilikisafisha mara ishirini.

Jua likatoka. Nikaukamata mwanga, nikamwita. Akainama, akafumba jicho moja.

"Biko batu mingi humu," akasema. "Bale badogo benye kutembea ni amibes?"

"Hapana, Mwalimu. Bale ni benyeji. Kwabo ni humu ndani."

"Na ile metro ilikuwa inaua bale?"

"Wengi wao."

Akaendelea kutazama. "Pole yao," akasema polepole, kwa hao wadudu, si kwangu.

Nikaandika RAS, kwa wino. Katika miaka yote ile, ni mtu wa kwanza kunishukuru kwa RAS. Akaitia mfuko wa kifuani, na akaniuliza, akitazama pembeni, chumba cha Kasereka ni kipi.

Haikuisha pale. Ilichukua miezi mingi. Alipewa dawa za huzuni hospitalini, alikaa na Kasereka kila Alhamisi, na kulikuwa na wiki moja mbaya aliporudi kitandani na kugeukia ukuta wake mwenyewe. Masika alimrudisha kidogo kidogo kwenye maharagi, sombe na mashanza, yale maziwa yaliyoganda vizuri. Kasiksi alingoja mpaka hospitali ilipompa ruhusa. Fundi wa viatu alirudisha dictionnaire, akisema haikuwa na picha. Kwa hiyo msije mkaandika mahali kwamba Mama Kahindo alisema maharagi yanaponya huzuni. Nitakanusha.

Ile penseli, nilimwomba radhi Papa Mbusa, nikaitupa chooni. Watu waliendelea kunigombeza kwa RAS zao, lakini nilipata namna. Nilivuta kiti. "Ikala, mama, tunangoya jua," nilisema, hata umeme ukiwapo, hata jua likiwa limejaa dirishani. Wengi walianza kuongea kabla sijamaliza kuosha vioo, kisha nikawapeleka kwa Kasereka. Kiti kile bado kiko pale. Kikivunjika, tengenezeni.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia sherehe uani. Daktari kijana alisoma hotuba ndefu. Katikati yake Mwalimu Paluku akajipenyeza, suti ya kijivu imejaa mwili, tai iko shingoni mahali pake, na mkononi kopo la tomate linalong'aa.

"Kazi ya mwisho," akasema.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiuliza: baada ya miaka yote, tumbo limerudi? Nikavaa glavu mbele ya wageni, nikaingia labo nao wakinifuata hadi dirishani, nikachota, nikaweka kwenye kioo, nikatazama. Nilichoona kilinitisha.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Chakula hapana sagika hata kidogo! Imepita nzima nzima!"

Daktari akashika kichwa.

"Kahindo," Mwalimu akasema. "Soma etiquette."

Nikageuza kopo. Mwandiko ulikuwa umesimama wima kama ubaoni: "PALUKU. Vendredi, 11 h 30. Maharagi ya Lubero. Nilipika mwenyewe. Kula."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka kwamba niliyala yote, nimesimama, glavu moja bado mkononi, kwa kijiko cha mtu nisiyemjua. Chumvi ilizidi. Kisha nikafungua rejista, nikaandika mstari wangu wa mwisho kazini: Paluku, maharagi, na mbele yake plus moja, kubwa, ya wino. Mwalimu akachungulia juu ya bega langu. Akatoa bic nyekundu mfukoni, akasoma mstari ule kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akairudisha mfukoni.

"Iko sawa," akasema.